Hewa ya mapafuni na kipimo cha mafuta mwilini kwa wenye uzito uliozidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuja kupimwa mafuta. Mapafu yanaingiaje hapo?

Yanaingia kwa sababu vipimo viwili vya heshima katika kazi hii havipimi mafuta hata kidogo. Kimoja ni kupimwa uzito ukiwa umezama majini, kingine ni kuketi ndani ya chumba kidogo cha hewa, mashine ambayo wengi wanaijua kwa jina la Bod Pod. Vyote viwili vinatafuta ujazo wa mwili wako. Ujazo ukijulikana na uzito ukajulikana, inapatikana densiti, yaani kilo ngapi kwa kila lita ya mwili. Mafuta yana densiti ya takriban 0.90, vitu vingine vyote vya mwili, yaani maji, misuli, mifupa na viungo vya ndani, vikijumlishwa huchukuliwa kuwa 1.10. Mwili wako unaangukia mahali fulani kati ya namba hizo mbili, na pale unapoangukia ndipo hukadiriwa mafuta yako.

Hewa ndiyo inayovuruga hesabu. Haina uzito wa kuhesabika lakini inachukua nafasi, tena nafasi inayobadilika kila unapovuta na kutoa pumzi. Ni lazima itolewe kwenye hesabu, na ili itolewe lazima ijulikane ni kiasi gani. Ama ipimwe, ama ikadiriwe. Maswali karibu yote ya ukurasa huu yanahusu hiyo "ama" ya pili, kwa sababu ndiyo inayotumika sana na ndiyo inayowakosea zaidi wenye uzito mkubwa.

Hewa kidogo tu inaweza kuharibu jibu kiasi gani?

Kuliko watu wengi wanavyodhani. Mlinganyo unaotumika zaidi ni wa William Siri, wa mwaka 1961: asilimia ya mafuta ni 495 ugawe kwa densiti, kisha utoe 450. (Huyu Siri alikuwa mwanafizikia wa California na mpanda milima, alikuwa naibu kiongozi wa msafara wa Wamarekani uliopanda Everest mwaka 1963.) Ukiuchambua mlinganyo wake kwa kilo badala ya asilimia, unapata kanuni ambayo kila mpimaji angepaswa kuiandika ukutani: kila lita moja ya kosa kwenye ujazo wa mwili ni kilo 4.95 za kosa kwenye mafuta. Haijalishi mtu ana kilo 60 au 140.

Kwa hiyo kwenye kipimo cha maji, ukikosea hewa kwa mililita 100 tu, ambazo hazijazi hata kikombe cha chai, umeongeza au umepunguza karibu nusu kilo ya mafuta ambayo haikuwapo. Kwenye chumba cha hewa mambo ni nafuu kidogo, kwa sababu inayoingia kwenye hesabu ni asilimia 40 tu ya hewa ya mapafu. Huko lita nzima ya kosa inazaa karibu kilo 2.

Kwa asilimia, kosa hilohilo linamuumiza zaidi mtu mwembamba, kwa kuwa kilo 2 ni sehemu kubwa zaidi ya kilo 50 kuliko ya kilo 120. Wapo wanaotumia hoja hii kusema kwamba kwa mtu mkubwa makadirio yanatosha. Sikubaliani nao. Kwa mtu mkubwa kosa lenyewe huwa kubwa zaidi, na karibu kila mara linaelemea upande mmoja.

Asilimia 40 inatoka wapi?

Mashine ya chumba cha hewa inabadilisha mgandamizo wa hewa kidogo sana, mara kadhaa kwa sekunde, na kusoma jinsi hewa inavyoitikia. Hewa ya chumbani ikibanwa haraka inapata joto, na joto hilo linaifanya igome kubanwa zaidi. Hewa iliyo ndani ya mapafu haipati nafasi ya kupata joto: imezungukwa na nyama yenye unyevu inayolinyonya joto papo hapo. Hivyo inabanika kwa urahisi zaidi, kwa asilimia 40. Mashine hailijui hilo. Inachoona ni chumba chenye hewa nyingi kuliko ilivyo, na hivyo mwili mdogo kuliko ulivyo. Marekebisho yake ni kuongeza kwenye ujazo uliosomwa asilimia 40 ya hewa iliyokuwa kifuani.

Ngozi nayo inafanya mchezo huohuo, maana hewa iliyo karibu na ngozi hukaa kwenye joto la mwili. Hiyo hurekebishwa kwa eneo la ngozi, linalokadiriwa kwa urefu na uzito kupitia mlinganyo wa DuBois wa mwaka 1916. Mlinganyo huo ulitokana na vipimo vya watu tisa tu, na mpaka leo uko ndani ya programu za mashine hizi. Kwa mtu wa kilo 100 marekebisho ya ngozi hukaribia lita moja, kwa hiyo si jambo dogo, ila mteja hana la kulifanyia.

Ni hewa ipi hasa inayotafutwa? Nasikia majina tofauti.

Inategemea kipimo. Majini unatakiwa utoe pumzi yote mpaka isitoke tena, ndipo uzito usomwe. Hata hapo mapafu hayawi matupu. Kwa mtu mzima hubaki lita moja hadi moja na nusu hivi, wakati mwingine zaidi kadiri umri unavyosogea. Hiyo ndiyo hewa baki. Juu yake huongezwa mililita 100 za gesi ya tumboni, kiasi ambacho kimekubaliwa tu kwa mazoea.

Kwenye chumba cha hewa unapumua kawaida, huambiwi utoe pumzi yote. Kwa hiyo kinachotafutwa ni hewa iliyomo kifuani kwa wastani wakati wa kupumua kawaida: ile inayobaki baada ya pumzi ya kawaida kutoka, jumlisha nusu ya pumzi moja. Hii ni kubwa kuliko hewa baki, mara nyingi maradufu au zaidi.

Shika tofauti hiyo, kwa sababu unene unazigusa hewa hizi mbili kwa namna tofauti kabisa.

Unene unaibadilishaje hewa ya mapafu?

Mwisho wa pumzi ya kawaida ni mahali pa mapatano. Mapafu yanataka kusinyaa, ukuta wa kifua unataka kutanuka, na pale nguvu zinapolingana ndipo pumzi inaposimama. Weka mafuta kwenye kifua na kitambi chini ya kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Tumbo linasukuma kiwambo juu, kifua kinaelemewa, na mapatano yanahamia chini. Hewa inayobaki baada ya pumzi ya kawaida inapungua.

Mwaka 2006 Jones na Nzekwu walichapisha kazi iliyoonyesha ukubwa wa jambo hili. Mtu mwenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 alikuwa na asilimia 75 tu ya hewa hiyo ukimlinganisha na mwenye BMI ya 20. Ile akiba unayoweza kuitoa kwa nguvu baada ya pumzi ya kawaida ilikuwa imeshuka hadi asilimia 47. Kilichowashangaza wengi ni kwamba mteremko ulikuwa mkali zaidi mwanzoni, kwenye uzito uliozidi kidogo na unene wa kawaida. Haikuwa lazima mtu afikie unene wa kutisha.

Hewa baki yenyewe, kinyume chake, haitikisiki sana. Mtu mnene sana huishia kupumua karibu kabisa na hewa baki yake: akiba imeliwa na kitambi, lakini sakafu iko palepale.

Kwa hiyo makadirio yanakosea wapi?

Yanakosea kwa kutouliza uzito. Programu ya chumba cha hewa, usipopimwa mapafu, hutumia milinganyo ya Crapo na wenzake ya mwaka 1982, iliyotokana na watu wazima wenye afya wasiovuta sigara wa Salt Lake City, Marekani. Kwa mwanamke: urefu kwa sentimita mara 0.0360, jumlisha umri mara 0.0031, toa 3.182. Kwa mwanaume: urefu mara 0.0472, jumlisha umri mara 0.0090, toa 5.290. Kisha huongezwa nusu ya pumzi, ikichukuliwa kwamba pumzi moja ni lita 0.7 kwa mwanamke na 1.2 kwa mwanaume.

Tafuta uzito humo. Haumo. Dada wawili wenye urefu mmoja na umri mmoja, mmoja kilo 55 na mwingine kilo 110, wanapewa mapafu sawasawa.

Nipe mfano wa hesabu.

Tuchukue mama wa miaka 45, urefu sentimita 165, uzito kilo 100. Makadirio: 5.94 jumlisha 0.14 toa 3.18 ni lita 2.90. Ongeza nusu ya pumzi, 0.35, unapata lita 3.25.

Sasa tuseme amepimwa kweli na hewa yake ya mwisho wa pumzi ya kawaida ni lita 2.20, jambo la kawaida kabisa kwa BMI yake inayokaribia 37. Jumla yake ni 2.55. Tofauti ni lita 0.70, na asilimia 40 yake ni 0.28.

Ikiwa ujazo wake halisi ni lita 99.00, mafuta yake ni asilimia 40.0. Kwa makadirio ujazo unasomeka 99.28, na mafuta yanakuwa asilimia 41.4. Amebandikwa kilo moja na gramu mia nne za mafuta asizokuwa nazo. Kwa uchunguzi wa mara moja si janga. Kwa mtu anayelipia kipimo ili aone kama miezi mitatu ya jasho imezaa kitu, kilo moja na nusu ni kubwa.

Makadirio yakizidi, mafuta yanaongezeka au yanapungua?

Hapa hata wapimaji wenye uzoefu hujichanganya, maana vipimo viwili vinakwenda kinyume.

Kwenye chumba cha hewa, hewa ya mapafu huongezwa kwenye ujazo uliosomwa. Ukikadiria hewa nyingi kuliko iliyopo, mwili unaonekana mkubwa, densiti inashuka, mafuta yanapanda. Majini, hewa baki huondolewa kwenye ujazo. Ukikadiria nyingi kuliko iliyopo, mwili unaonekana mdogo, densiti inapanda, mafuta yanashuka. Kosa la lita 0.30 majini, kwa yule mama wa kilo 100, linampunguzia mafuta kwa asilimia moja na nusu.

Ndiyo maana mtu aliyepimwa kwa njia zote mbili, zote kwa makadirio, anaweza kutoka na majibu yaliyoachana kwa asilimia tatu bila mashine yoyote kuwa mbovu.

Nimepunguza kilo 15 na mashine inasema karibu zote ni mafuta. Niamini?

Furahia kilo 15, hizo mizani haidanganyi. Mgawanyo wake ndio wa kuangalia mara mbili. Ulipopungua, kitambi kimeshuka, kiwambo kimepata nafasi, na hewa ya mwisho wa pumzi yako imeongezeka. Makadirio hayakujua kwamba mwanzoni ilikuwa ndogo, na hayajui kwamba sasa imepanda. Urefu ni uleule, umri ni uleule, jibu ni lilelile.

Kama makadirio yalikuwa yamezidi kwa lita 0.70 mwanzoni na sasa yamezidi kwa 0.30, basi kipimo cha kwanza kilikuongezea karibu kilo 1.4 za mafuta na cha pili kimekuongezea 0.6. Tofauti yao, gramu mia nane, itasomeka kama mafuta uliyoyachoma. Na mashine ikikuambia mafuta yamepungua zaidi ya ukweli, upande wa misuli lazima uonekane umesalimika kuliko ukweli. Kwa mtu anayepungua haraka, hasa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula, ningependa daktari wake ajue kiasi halisi cha misuli inayopotea, si picha iliyopambwa.

Kibaya kuliko vyote ni kuchanganya: kipimo cha kwanza kwa makadirio, cha pili kwa kupimwa. Hapo tofauti nzima ya lita 0.70 inahesabiwa kama mafanikio ya mazoezi.

Kupuliza spairomita si kunatosha?

Hakutoshi. Spairomita inapima hewa inayopita kwenye mdomo. Hewa baki haitoki, kwa hiyo spairomita haiioni kamwe, na hewa ya mwisho wa pumzi haiwezi kuijua bila kuijua hewa baki.

Ipo njia ya mkato ya zamani: pima hewa yote unayoweza kuitoa kwa pumzi moja ndefu, kisha chukua asilimia 24 yake kwa mwanaume au 28 kwa mwanamke uiite hewa baki. Kwa mwembamba mwenye afya inapita. Kwa mwenye kitambi kikubwa inayumba, kwa sababu pumzi ile ndefu huwa imepungua ilhali hewa baki haikupungua nayo. Mkato huu unampa hewa baki ndogo kuliko aliyonayo, na tukirudi kwenye swali la majini, hewa baki ndogo inamzidishia mafuta.

Kuipima hewa baki kwa haki kwa kawaida kunahitaji gesi: ama unapumua mchanganyiko wenye heliamu na kuangalia ilivyozimuliwa, ama unapumua oksijeni tupu mpaka naitrojeni yote ya mapafuni itoke na kupimwa.

Nikiomba nipimwe mapafu kwenye Bod Pod, nitafanyiwa nini?

Kwanza utapimwa ujazo kawaida, mara mbili, kila mara chini ya dakika moja, ukiwa umetulia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya mililita 150 kinafanyika cha tatu. Kisha mlango unafunguliwa, unapewa bomba laini na kibanio cha pua, mlango unafungwa tena.

Unapumua kupitia bomba kama kawaida, ukifuata mwendo unaoonyeshwa. Baada ya pumzi chache, katikati ya kutoa pumzi, vali inafunga ghafla. Utasikia kama mtu ameziba bomba kwa kidole. Wengi hushtuka hapa, na kushtuka ndiko kunakoharibu kipimo. Unachotakiwa ni kupuliza mara mbili au tatu, taratibu, kwa kifua, kama unayeweka ukungu kwenye kioo cha miwani kabla ya kukifuta. Hewa haitatoka popote na haitakiwi itoke. Mashine inalinganisha mgandamizo wa mdomoni na wa chumbani, kisha vali inafunguka. Yote hayazidi sekunde mbili tatu.

Mkono mmoja shika bomba, mwingine bana mashavu. Mashavu yakivimba, mgandamizo unaishia mdomoni na haufiki kifuani. Midomo ishike bomba pande zote, usiache upenyo pembeni.

Mashine hutoa alama ya ubora wa jaribio. Ikiwa chini ya 1 na mgandamizo haukuzidi sentimita 35 za maji, jaribio limekubalika. Likikataliwa, linarudiwa.

Nimeshindwa. Nimerudia mpaka nimechoka.

Hauko peke yako, na wenye uzito mkubwa hushindwa zaidi. Chumba ni cha lita 450, tumbo linabanwa ukiketi, na anayepumua karibu na sakafu ya mapafu yake hujisikia hana hewa pale vali inapofunga. Omba ufanye mazoezi nje ya mashine kwanza, mlango ukiwa wazi, mpaka mwili uzoee ule mkatiko. Kaa wima, usijikunje. Ukishindwa kabisa, makadirio yatumike, ila yaandikwe kwenye karatasi kwamba ni makadirio, na vipimo vyako vyote vijavyo vifanywe kwa njia hiyohiyo.

Hakuna milinganyo iliyotengenezwa kwa ajili yetu wenye uzito uliozidi?

Kwa hewa baki ipo. Mwaka 1998 Miller na wenzake walichapisha milinganyo yao mahsusi kwa wanaume na wanawake wenye uzito uliozidi. Ni nafuu kuliko kutumia ile ya Goldman na Becklake ya mwaka 1959, ambayo bado imejaa vitabuni na haigusi uzito. Ile ya 1959 ina historia ya kuvutia kwetu, kwa kuwa ilitoka Johannesburg, kwenye mwinuko unaokaribia ule wa Nairobi, lakini kuwa ya Afrika hakuifanyi ijue kitambi.

Lakini mlinganyo wowote unatoa wastani. Kundi la watu mia likikadiriwa, makosa ya huku na huku yanafutana na wastani unatoka mzuri. Watafiti wengi huridhika hapo. Wewe si wastani wa kundi. Mafuta ya mapajani na makalioni hayasukumi kiwambo kama mafuta ya tumboni, na hakuna mlinganyo wa urefu, umri na uzito unaojua yako yamekaa wapi.

Sisi Waafrika tunahesabiwaje?

Kwa miongo mingi mashine za mapafu zilipunguza makadirio ya watu weusi kwa asilimia 10 hadi 15, kwa kubofya tu kisanduku cha asili. Mwaka 2023 Jumuiya ya Kifua ya Marekani ilipendekeza kuachana na mtindo huo katika kusoma majibu ya spairomita. Tofauti za vipimo zipo, na sehemu yake inaelezwa na urefu wa kiwiliwili ukilinganisha na miguu, lakini lishe ya utotoni, moshi wa jikoni na maradhi navyo vimo ndani ya namba hizo.

Kwa upande wetu maana yake ni hii: milinganyo ya Salt Lake City ilitokana na watu ambao wengi wao wana asili ya Ulaya. Mtu wa Mwanza au Kisumu mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi anaweza kukadiriwa hewa nyingi kuliko yake, hata kabla ya kitambi kuingia. Makosa mawili yanaelekea upande mmoja. Usilisahihishe kwa kubofya asili. Lisahihishe kwa kupima.

Nimesuka, na ninavaa hijabu. Itakuwaje?

Hewa iliyonaswa kwenye nguo na nywele inajifanya kama hewa ya mapafu: inapata joto la mwili na kuufanya mwili uonekane mdogo, kwa hiyo mafuta yanasomeka pungufu. Ndiyo sababu wanataka nguo ya kuogelea inayobana na kofia ya kuogelea. Rasta nene na mawigi ya kushonea hayaingii vizuri chini ya kofia, hivyo panga kipimo siku utakayofumua, au angalau uje na msuko uleule kila mara. Ndevu nyingi nazo zinahesabika.

Kuhusu sitara, omba mpimaji wa kike na pazia. Dirisha la mashine linaweza kugeuziwa ukutani. Wanaokataa kabisa nguo ya kubana wanafanya vyema kuchagua kipimo kingine kuliko kupimwa na baibui na kupewa namba ya uongo.

Nina pumu. Niliwahi kuugua TB.

Makadirio yote yanadhani mapafu ni mazima. Pumu ikiamka, hewa hunaswa ndani na hewa baki hupanda. Kovu la TB linaweza kuishusha, au kuipandisha pale njia za hewa zilipoharibika. Mvutaji wa sigara wa miaka mingi naye ana yake. Kwa hawa nasema wazi: mkipimwa kwa njia ya densiti, mapafu yapimwe. Siku kifua kinapolia, ahirisha. Mjamzito naye makadirio haya hayamhusu. Hewa yake ya mwisho wa pumzi hushuka kadiri mimba inavyopanda.

Majini je? Watu wanene si wanaelea?

Wanaelea, na hufungwa mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi ili wazame. Ugumu si huo. Ugumu ni kutoa pumzi yote ukiwa chini, kichwa kimezama, na kubaki umetulia mpaka mizani isimame. Anayeogopa maji hubakiza hewa nusu lita bila kujua, na nusu lita majini ni kilo mbili na nusu za mafuta zilizoongezeka. Albert Behnke wa jeshi la majini la Marekani, aliyeipa njia hii umaarufu mwaka 1942, alianza na wanamaji, watu ambao maji hayawatishi.

Si afadhali mizani ya gym inayopitisha umeme?

Hiyo haihitaji mapafu, lakini nayo ni mlinganyo, na ukinywa maji au kutoka jasho jibu linahama. DXA, kipimo cha kulala kitandani na kupigwa eksirei hafifu, nayo haijali hewa ya mapafu. Tatizo lake ni bei, na kitanda chenye mipaka ya upana na uzito. Kama DXA ipo karibu nawe na kitanda kinakutosha, kwa mtu mwenye BMI ya juu ya 35 mimi ningeichagua kabla ya makadirio yoyote ya hewa.

Njia za densiti nazo zina udhaifu mwingine ambao kupima mapafu hakuutibu: ile 1.10 ya vitu visivyo mafuta. Kwa mtu mnene sana sehemu hiyo huwa na maji mengi zaidi, densiti yake inashuka chini ya 1.10, na mlinganyo wa Siri unamsomea mafuta zaidi.

Nikipewa karatasi ya majibu, niangalie wapi?

Tafuta mstari wa hewa ya kifuani. Pembeni yake pataandikwa kama imepimwa au imekadiriwa. Kama ni ya kukadiriwa na BMI yako inazidi 30, uliza kama wanaweza kukupima. Kama imepimwa, linganisha na iliyokadiriwa. Zikipishana kwa zaidi ya lita moja, omba irudiwe kabla hujavaa nguo, kwa sababu huenda ni mapafu yako na huenda ni midomo iliyovujisha. Angalia pia mlinganyo uliotumika, wa Siri au mwingine. Kisha piga picha ya karatasi nzima, si ya ile asilimia peke yake, uje nayo mara ijayo.